Karatasi Iliyofungiwa Chuoni



Siku moja ya Januari 2025, baada ya sala ya Ijumaa, alitujia mama mmoja wa jamii yetu hapa Columbus, Ohio, akiwa na bahasha ya kaki chini ya buibui lake. Hakupenda kusema mbele za watu, basi tukaingia naye katika chumba cha madrasa. Akatoa barua tatu za Kiingereza, akazipanga juu ya dawati la watoto, akatuambia: "Wanangu, nisomeeni hizi. Binti yangu leo siku ya tatu hali chakula, na kila nikimwuliza ananiambia hamna kitu, mama."

Barua ya kwanza ilitoka shule ya uuguzi. Ilieleza kuwa maombi ya binti huyo hayajakamilika, kwa sababu transkripti ya chuo alichosoma kwanza haijafika, na kwamba ikipita tarehe iliyotajwa faili lake litafungwa. Ya pili ilitoka chuo hicho cha kwanza: transkripti haiwezi kutolewa maadamu mwanafunzi anadaiwa. Ya tatu ilitoka kwa watu wa kudai madeni, na katikati yake, ndani ya kisanduku, paliandikwa dola 1,950.

Mama alipokwisha kusikia alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: "Deni gani? Si serikali ndiyo iliyokuwa ikimlipia?"

Tunaandika kwa idhini yake na ya binti yake. Majina yao tumeyaacha, na vyuo kadhalika, kwani yaliyompata binti huyu tumekwisha kuyakuta katika nyumba nyingine tatu tangu siku ile, na katika zote tatu wazazi walikuwa wa mwisho kupata habari.

Kwa wale ambao jambo hili ni geni kwao, transkripti ni karatasi rasmi ya chuo inayoorodhesha kila somo alilosoma mwanafunzi, muhula kwa muhula, pamoja na alama zake. Haifanani na cheti. Cheti hutundikwa ukutani; transkripti hutumwa na ofisi ya msajili moja kwa moja mpaka shule nyingine, na ikifunguliwa njiani na mwanafunzi haihesabiki tena kuwa rasmi. Shule za uuguzi za nchi hii hudai transkripti ya kila chuo alichowahi kusoma mwombaji, hata kama alikaa muhula mmoja tu, hata kama alishindwa masomo yote. Pasipo karatasi hiyo, alama nzuri alizozipata mtu ni kama mali iliyozikwa kwenye kiwanja cha mwenyewe naye haruhusiwi kuchimba.

Waliosoma kwetu pwani hawatastaajabu sana. Nani asiyemjua kijana wa Mombasa au Malindi ambaye cheti chake cha kidato cha nne kilikaa miaka katika kabati la mwalimu mkuu kwa ajili ya karo? Tulidhani mambo hayo tumeyaacha ng'ambo ya bahari. Kumbe huku nako yapo, tena kwa wingi: Oktoba 2020 taasisi ya utafiti iitwayo Ithaka S+R ilikadiria kuwa Wamarekani milioni 6.6 walikuwa na masomo waliyokwisha kuyasoma lakini hawawezi kuyatumia kwa sababu ya madeni ya vyuo, na madeni hayo kwa jumla yalikaribia dola bilioni 15. Ukigawanya utaona kuwa wastani wa kila mtu ni kiasi cha dola 2,300. Hayo si madeni ya watu waliokimbia na ada ya miaka minne. Ni madeni madogo, na aghalabu ni ya muhula mmoja ulioharibika.

Muhula wa binti yetu uliharibika hivi. Alikuwa amekwisha kusoma mihula mitatu katika chuo cha miaka miwili, akijiandaa kwa uuguzi: anatomia na fiziolojia, kemia, takwimu, insha za Kiingereza. Alama zake zilikuwa A na B. Alikuwa katikati ya muhula wa nne, masika ya 2022, baba yake alipofariki Tanga, alikokwenda kuwatazama wazee wake. Mama akasafiri, na binti, kwa kuwa ndiye mkubwa, akasafiri naye. Mama akakaa eda huko huko, miezi minne na siku kumi, na binti akabaki kumhudumia na kupokea wageni wa tanzia. Kabla ya kupanda ndege alimwandikia mshauri wake wa chuo mstari mmoja, kwamba amefiwa na baba na hataweza kuendelea na muhula. Hakujua kuwa mstari ule ndio uliomtoa chuoni, wala kwamba saa ya hesabu ilisimama siku ile ile.

Hesabu yenyewe inafaa kila mzazi aifahamu, basi tunaomba subira ya wasomaji. Serikali ya Marekani inapotoa ruzuku ya Pell haimpi mwanafunzi fedha za muhula mzima kama zawadi iliyokwisha kukatwa. Inazihesabu kama mshahara unaochumwa siku kwa siku. Anayejitoa kabla ya kuvuka asilimia 60 ya muhula huhesabiwa kuwa amechuma sehemu ile tu aliyohudhuria. Akivuka asilimia 60, amechuma zote. Tuseme muhula una siku 105, ada ya chuo ni dola 2,500 na ruzuku ni dola 3,000. (Tumezisawazisha kidogo tarakimu za binti yetu ili zisomeke.) Aliondoka siku ya 42, yaani amehudhuria asilimia 40. Chuo kikalazimika kurudisha serikalini asilimia 60 ya ada yake, ambayo ni dola 1,500, kisha kikamgeukia yeye kumdai dola 1,500 zile zile, kwani kwa kanuni za chuo ada yote ilikwisha kuwa juu yake tangu wiki za mwanzo. Angalikaa hadi siku ya 64, asingalidaiwa hata senti.

Kwa hiyo jibu la swali la mama ni kwamba serikali ilimlipia kweli, kisha ikachukua fedha zake.

Hapa tutasema neno ambalo pengine halitawapendeza wote. Jamii yetu ikipata msiba, mtu huambiwa apande ndege usiku ule ule, na atakayeuliza habari za chuo huonekana hana utu. Hatusemi watu wasiende kuzika wazazi wao. Tunasema kuwa kati ya habari ya msiba na uwanja wa ndege kuna saa kadhaa, na katika saa hizo mtu mmoja wa nyumba, awe mjomba au jirani, angeweza kupiga simu katika ofisi ya misaada ya fedha ya chuo na kuuliza maswali mawili: siku ya asilimia 60 ni ipi, na mwalimu anaweza kutoa alama ya muda ya kutokamilisha somo ili mwanafunzi amalizie akirudi? Walimu wengi hukubali kwa mwanafunzi mwenye alama nzuri. Tena vyuo vingi vina ombi maalumu la kufutiwa ada kwa aliyefiwa au aliyeugua. Linahitaji cheti cha kifo na lina muda wake. Cheti cha kifo cha marehemu kilikuwamo katika bahasha ile ya mama, kimepigwa muhuri Tanga. Tulipokipeleka chuoni tuliambiwa kuwa ombi hupokewa ndani ya mwaka mmoja, na ilikuwa imepita karibu miaka mitatu.

Miaka hiyo mitatu ilipotea vipi? Barua za chuo zilikwenda katika nyumba waliyokwisha kuhama. Binti aliporudi Agosti alianza kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, kazi ya msaidizi wa muuguzi ambayo dada zetu wengi wanaijua vema: kugeuza wagonjwa, kuwaogesha, kubadilisha mashuka, kupima presha. Mwaka 2023 alitaka kujiandikisha tena chuoni, akakataliwa, ndipo akalijua deni. Hakumwambia mama yake. Alitueleza baadaye, kwa sauti ya chini sana, kwamba aliona haya kumwambia mjane kuwa ile miezi ya eda ndiyo iliyozaa deni. Akaendelea kupeleka fedha Tanga kila mwezi kwa ajili ya bibi yake na kujiambia kuwa atalilipa mwezi ujao.

Wenzake kazini walimshauri jambo la hatari, nalo tunalitaja kwa kuwa tumelisikia kwa vijana wengi. Walimwambia aanze upya katika chuo kingine wala asikitaje kile cha kwanza. Fomu za shule za uuguzi humtaka mwombaji ataje vyuo vyote, na kumbukumbu za misaada ya serikali zinaonyesha kila chuo alikopokea ruzuku. Anayeficha akigunduliwa hufukuzwa, hata kama amebakiza muhula mmoja. Zaidi ya hayo ruzuku ya Pell ina kikomo: jumla ya mihula 12 katika maisha ya mtu. Kurudia masomo yale yale ni kula akiba hiyo bure. Alhamdulillahi, binti hakuufuata ushauri huo. Alijaza fomu kwa ukweli, na ukweli huo ndio uliomletea ile barua ya kwanza.

Sasa tufike kwenye sheria, maana hapo ndipo tulipopata upenyo.

Majimbo hayalingani. California ilivikataza vyuo kuzuia transkripti kwa ajili ya deni kuanzia 1 Januari 2020, na New York ikatunga sheria yake 2022. Hapa kwetu Ohio sheria ya 2023 ilikwenda nusu ya njia: chuo cha umma kisimnyime mwajiri transkripti, akiwa mwanafunzi ametoa idhini na mwajiri amethibitisha kuwa karatasi hiyo ni sharti la kazi. Kuhusu mengineyo bodi ya kila chuo iliachiwa iamue yenyewe. Tazameni basi ajabu yake: nyumba ya wazee ingeweza kuipata karatasi ambayo shule ya uuguzi ilinyimwa. Ya kumfanya abaki msaidizi ilipita, ya kumfanya awe muuguzi ikazuiwa.

Juu ya sheria za majimbo iko kanuni ya Wizara ya Elimu ya Marekani iliyoanza kutumika 1 Julai 2024. Kanuni hiyo inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya serikali kutoa transkripti yenye masomo ya kila muhula ambao mwanafunzi alipata msaada huo na ada yake imelipwa, au imeingizwa katika makubaliano ya kulipa. Tuliyasoma maneno hayo mara tatu, maana uzito wote umo katika yale ya mwisho. Mihula mitatu ya mwanzo ya binti yetu ilikwisha kulipwa. Hiyo ilikuwa haki yake bila kujadiliana. Muhula wa nne nao ungetoka pindi yakiandikwa makubaliano, bila kungoja senti ya mwisho.

Tulikwenda chuoni watu watatu: binti, mama yake, na mmoja wetu. Karani wa kwanza alijibu bila kuinua macho kuwa dawa ni kulipa zote. Hatukumlaumu sana, alikuwa kijana aliyeambiwa ajibu hivyo. Tuliomba kwanza taarifa ya akaunti muhula kwa muhula, ili ionekane wazi ni upi uliolipwa na upi usiolipwa. Kisha tukaomba binti aonyeshwe kumbukumbu zake mwenyewe, kwani sheria ya shirikisho ya 1974 inampa mwanafunzi haki ya kuzitazama ndani ya siku 45, awe anadaiwa au hadaiwi. Chuo hakilazimiki kumpa nakala rasmi kwa njia hiyo, ila aliweza kuhakikisha kuwa alama zake ziko sawa. La tatu tukaomba kuonana na msimamizi, tukamwekea mezani maombi kwa maandishi yenye kuitaja kanuni ya 2024. Msimamizi alisoma, akaondoka, akakaa robo saa, akarudi na kiti chake mwenyewe ili mama akae. Tangu hapo mazungumzo yakawa mengine.

Kwa kuwa deni lilikwisha kutoka nje ya chuo, ilibidi makubaliano yaandikwe na wale wa kudai, na chuo kiyakubali kwa barua: dola 600 za kwanza, na zilizobaki kwa dola 150 kila mwezi. Wale wa kudai walikuwa wameongeza dola 450 juu ya deni la asili, nazo hawakukubali kuzipunguza.

Juu ya nyongeza hizo wapo waliotuuliza kama yajuzu kulipa deni lililotiwa riba. Hilo si la kalamu yetu, waulizwe masheikh. Sisi tutasema ya hesabu tu. Mpango wa malipo wa chuo chenyewe aghalabu hauna riba, ila ada ndogo ya kujiandikisha. Chuo cha umma hapa Ohio kisipolipwa, sheria hukitaka kikabidhi deni kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na huko huongezewa gharama za ukusanyaji pamoja na riba. Kwa hiyo mwenye kuiogopa riba na awahi dirisha la chuo mapema, kabla deni halijatoka mlangoni. Ama walio na jamaa kaskazini mashariki ya jimbo hili, kwa upande wa Cleveland na Akron, wawaambie waulize chuoni kwao habari za mpango ulioanzishwa 2022 na vyuo vinane vya umma vya huko, ambao humsamehe mwanafunzi hadi dola 5,000 za deni la zamani akirudi masomoni na kuendelea vizuri.

Zile dola 600 zilipatikana kwa njia tunayoijua sote. Mama yumo katika upatu wa akina mama kumi na wawili, na zamu yake ilikuwa Juni. Aliyekuwa na zamu ya Februari alipopata habari alibadilishana naye, bila maneno mengi. Mzee mmoja wa kamati alipendekeza fedha za zaka, kwa kuwa wenye madeni wametajwa miongoni mwa mafungu manane. Binti akamshukuru na kukataa. Akasema ana mikono miwili na kazi, na yuko mwenye haja kuliko yeye. Mama alimtazama kwa jicho kali, maana upatu ulikuwa wake.

Tungependa kuandika kuwa yote yalikwisha kwa heri siku ile. Transkripti ilitumwa kamili, mihula minne yote, na ule wa nne ukiwa na alama za kujitoa badala ya kufeli. Ilifika shule ya uuguzi siku nne baada ya faili kufungwa. Shule ilijibu kwa adabu kuwa darasa la vuli limejaa, na kwamba ombi lake litahamishiwa darasa la Januari 2026. Hapo ikatokea shida nyingine ambayo hakuna kati yetu aliyeifikiria. Shule ile haipokei masomo ya sayansi yaliyozidi miaka mitano. Anatomia ya kwanza aliisoma vuli ya 2020. Kwa darasa la vuli ingalihesabiwa. Kwa darasa la Januari imepita muda kwa wiki chache.

Alama yake katika somo hilo ilikuwa A. Amewaandikia kuomba wiki hizo chache asihesabiwe, akaambatisha barua ya chuo na cheti cha kifo cha baba yake. Muuguzi mkuu wa nyumba ya wazee anakofanya kazi amemwandikia barua ya kumsifu, naye ni mwanamke ambaye, twaambiwa, hamsifu mtu. Hadi tunapopeleka kurasa hizi kwenye mashine ya kunakili jibu halijafika. Wakikataa, itambidi aisome anatomia upya kwa fedha zake, huku akilipa dola 150 kila mwezi za ule muhula wa msiba. Tulimwuliza kama ataweza. Akatujibu kuwa mifupa ya mwili ni 206, naye anaikumbuka yote kwa majina.

Mama naye bado ana neno moja moyoni. Alitwambia juzi, akikunja ile bahasha ya kaki: "Angeniambia tu. Eda ningekaa hapa hapa Columbus, na yeye akasoma."

Kuanzia mwezi ujao, insha-Allah, wawili wetu watakaa katika chumba cha madrasa kila Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya Adhuhuri hadi Alasiri. Mwenye barua ya chuo, ya ada au ya deni, na aje nayo, hata kama haijafunguliwa. Akina mama watapokewa na dada mmoja aliye mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uuguzi. Hakuna malipo, na jina la mtu halitaandikwa popote.